Hewa Husukuma, Haivuti

Mnywaji wa dafu anapotia mrija na kuuweka mdomoni, maji hupanda, naye husema ameyavuta. Lugha yetu ina maneno matatu ya tendo hilo, kuvuta, kunyonya na kufyonza, na yote matatu humpa mnywaji sifa: nguvu iko mdomoni, maji yamekuja kwa kuwa yameitwa. Mwanafunzi wa darasa la sita anayeanza somo la kanieneo ya hewa huingia darasani na imani hiyo, tena imani anayoithibitisha kila anapokunywa soda. Kisha kitabu humpa kanuni, humtajia kipimo cha paskali, humchorea baromita na kumwacha aende zake na imani ileile. Ndiyo maana anaweza kupata alama zote katika swali la kukokotoa na bado akaamini kwamba mrija hufyonza. Hoja ya makala haya ni kwamba somo la kanieneo ya hewa lianzie hapohapo penye imani hiyo, liing'oe, ndipo zije kanuni. Maji ya dafu hayavutwi. Yanasukumwa na hewa iliyoyalalia juu, na mnywaji amefanya jambo moja tu: amepunguza msukumo wa hewa ndani ya mrija, upande wa kinywani.

Madai haya yana njia nyepesi ya kuyapima. Kama nguvu ingekuwa mdomoni, kuziba tundu la dafu pembeni mwa mrija kusingebadilisha kitu, kwa sababu mdomo ni uleule na mapafu ni yaleyale. Basi lizibe tundu hilo kwa nta au kwa unga uliokandwa, hewa isipate pa kupita, kisha unywe. Mafunda ya mwanzo yatakuja, yatapungua, halafu maji yatagoma, hata mashavu yakibonyea kwa juhudi. Toboa nta kwa pini na maji yatapanda tena. Pini haikuongeza nguvu mdomoni; imefungua mlango wa hewa ya nje. Jikoni jambo hili linajulikana zamani bila kupewa jina: anayefungua kopo la maziwa hutoboa matundu mawili, moja la kutolea maziwa na jingine la kuingizia hewa, na dumu la mafuta lenye mdomo mmoja hutoa mafuta kwa kukatakata, likisita kila mara kuingiza hewa kabla ya kuendelea. Mwalimu akianza na kopo na dumu, anaanza na maarifa ambayo mtoto ameyaona nyumbani na hakuwahi kuulizwa maana yake.

Pingamizi la kwanza la mwanafunzi ni la haki kabisa: hewa ni nyepesi, itasukumaje? Tupime. Mita moja ya ujazo ya hewa iliyo usawa wa bahari ina uzito wa karibu kilo 1.2. Darasa lenye urefu wa mita 8, upana wa mita 6 na kimo cha mita 3 lina mita za ujazo 144, kwa hiyo hewa iliyomo inakaribia kilo 170, zaidi ya mifuko mitatu ya saruji. Hiyo ni hewa ya chumba kimoja, ilhali angahewa linapanda makumi ya kilomita, likizidi kuwa jepesi kadiri linavyokwenda juu. Jumlisha safu yote hiyo iliyosimama juu ya sentimita moja ya mraba, ukubwa wa kucha ya kidole kidogo, nayo ina uzito wa kilo moja na kidogo. Dawati lenye sentimita 60 kwa 40 linasukumwa kutoka juu kwa kiasi cha tani mbili na nusu hivi. Waliotuundia neno kanieneo walifanya kazi nzuri mno, kwa sababu neno lenyewe ni maelezo: kani iliyotandazwa juu ya eneo. Mwanafunzi akilipasua katikati anapata kanuni bila kuikariri. Inasikitisha kwamba neno hilo huachwa mlangoni mwa kidato cha kwanza, ambapo watoto wa shule za msingi za serikali nchini Tanzania huhama kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza, na wengi hawaambiwi kamwe kwamba dhana wanayokutana nayo huko ni ileile waliyoiacha darasa la saba.

Pingamizi la pili hufuata la kwanza mara moja, na hapa ndipo masomo mengi hukimbia upesi mno. Ikiwa dawati limelemewa na tani mbili na nusu, mbona halivunjiki? Na darasa lina paa. Je, si paa ndilo linalobeba mzigo huo, na ndani tukabaki salama? Jibu la kwamba hewa ina uzito halitoshi tena. Uzito unaeleza kwa nini kanieneo ni kubwa kiasi hicho. Namna inavyosukuma ni habari nyingine: hewa ni molekuli zisizohesabika zinazokwenda mbio kila upande na kugonga kila kinachokutana nazo, chini, juu na ubavuni. Dawati linagongwa kutoka juu na linagongwa vilevile kutoka chini, kwa hiyo halielemewi. Hewa ya darasani inaungana na ya nje kupitia dirisha na nyufa, nazo husukumana hadi zitoshane nguvu. Hata ukifunga chupa tupu kwa kizibo, hewa iliyomo itaendelea kugonga kuta kwa nguvu ileile iliyokuwa nayo wakati wa kufungwa, ingawa haina tena safu ya angahewa kichwani. Mwalimu anayeishia kwenye uzito humfanya mtoto adhani kanieneo ni kitu kinachobonyeza kuelekea chini tu, na mtoto huyo hawezi kueleza kwa nini maji hupanda mrijani, maana kupanda ni kwenda juu.

Miili yetu nayo inasukuma kutoka ndani, damu na majimaji yakitoshana na hewa ya nje, ndiyo maana hatuusikii mzigo huo. Ushahidi uko katika tiba ya kale ya pwani. Muumikaji hupachika chuku, pembe iliyotobolewa nchani, juu ya ngozi ya mgonjwa, huondoa hewa iliyomo kwa kinywa na kuziba tundu. Nyama huvimba ndani ya pembe. Anayetazama husema pembe imeivuta, na Kiswahili kikatwaa uvimbe huo kikautumia kwa habari zilizotiwa chumvi, zikaitwa habari zilizopigwa chuku. Lakini pembe haina mkono wa kuvutia. Kilichotokea ni kwamba mahali pale padogo hewa imeacha kusukuma kwa nguvu yake ya kawaida, na msukumo wa ndani ya mwili, uliokuwapo siku zote, umepata nafasi ya kuonekana. Huenda usipatikane mfano bora zaidi wa kumwonyesha mtoto kwamba utulivu wa ngozi yake ni sare ya nguvu mbili kubwa.

Wenye shaka watasema kwamba kubishana juu ya kuvuta na kusukuma ni kuchagua maneno tu, maana matokeo ni yaleyale. Historia ya sayansi inawajibu. Katika karne ya 17 mafundi wa Italia walijua kwamba pampu ya kuvuta maji, hata ikiundwa kwa ustadi gani, haipandishi maji zaidi ya mita 10 hivi. Galileo, mwanafizikia mkubwa kuliko wote wa zama zake, alilieleza tatizo hilo katika kitabu chake cha 1638, na maelezo yake yalijengwa juu ya kuvuta: aliifikiria safu ya maji kama kamba inayoning'inia, ikirefuka mno hukatika kwa uzito wake yenyewe. Galileo mwenyewe alipotezwa na neno! Evangelista Torricelli, aliyekuwa pamoja naye katika miezi ya mwisho ya uhai wake, aligeuza swali. Alifikiri kwamba tunaishi chini kabisa ya bahari ya hewa, na kwamba maji hupanda kwa kuwa bahari hiyo inayasukuma kutoka nje. Kama ni hivyo, kimiminika kizito kitapanda kidogo. Zebaki ni nzito kuliko maji kwa karibu mara 13.6, basi isimame kwenye kimo pungufu kwa mara hizohizo. Mwaka 1644 aliandika habari za jaribio hilo: mrija wa kioo uliojazwa zebaki, ukapinduliwa ndani ya bakuli la zebaki, ulibaki na safu ya sentimita 76 hivi, na juu yake ombwe, yaani nafasi tupu isiyo na hata hewa. Zidisha 76 kwa 13.6 upate mita 10 na sentimita 30 na ushei, kikomo kilekile cha mafundi wa pampu.

Hata hivyo waliosema kwamba maji hupanda kwa kuwa maumbile huchukia ombwe hawakusalimu amri, kwa sababu waliweza kudai kwamba chuki hiyo ina kiwango chake. Blaise Pascal aliona njia ya kuwabana: ikiwa ni uzito wa bahari ya hewa, apandaye mlimani amepunguza kina cha bahari hiyo, na zebaki ishuke. Yeye alikuwa mgonjwa na mbali, akamwomba shemeji yake Florin Périer, aliyeishi Clermont nchini Ufaransa chini ya mlima Puy de Dôme. Tarehe 19 Septemba 1648 Périer aliacha mrija mmoja kwenye bustani ya watawa mjini, mtu akiutazama kutwa, akapanda na mwingine hadi kileleni, karibu mita 1,000 juu ya mji. Kileleni zebaki ilikuwa imeshuka kwa sentimita 8 hivi. Ule wa bustanini haukutikisika. Mrija wa bustanini unastahili kusifiwa darasani kuliko ule wa kileleni, kwa sababu ndio uliofunga mlango wa kisingizio kwamba siku ile hali ya hewa ilibadilika. Pascal aliuliza kama maumbile huchukia ombwe zaidi bondeni kuliko mlimani, na hakupatikana wa kumjibu kwa hoja yenye uzito.

Tofauti hiyo ya maneno inalipiwa kwa fedha mpaka leo vijijini. Anayeamini kwamba pampu hufyonza ataona kisima cha mita 15 na kufikiri kwamba kinachohitajika ni pampu yenye nguvu zaidi juu ya ardhi. Atanunua injini kubwa na maji hayatafika, kwa kuwa pampu iliyo juu haiwezi kufanya zaidi ya kuondoa hewa ndani ya bomba. Kazi ya kupandisha maji ni ya angahewa, nalo halina zaidi ya mita 10, na kwa vifaa vya kawaida kikomo cha kazi ni mita 7 au 8. Pampu ya mkono ya Afridev, iliyoendelezwa Malawi na Kenya katika miaka ya 1980, inaweza kuhudumia kisima cha hata mita 45 kwa sababu silinda na pistoni yake vinakaa chini ndani ya maji, na fimbo ndefu hutoka hapo hadi kwenye mkono wa pampu. Maji hayo huinuliwa kutoka chini. Nadharia ya kufyonza, zaidi ya hayo, haiwezi kukisia jambo ambalo nadharia ya kusukuma hulikisia bila shida: pampu ileile ya juu ya ardhi itachoka mapema zaidi Mbeya kuliko Bagamoyo, kwa kuwa Mbeya, iliyo karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ina hewa kidogo ya kusukuma, na kikomo chake cha nadharia ni mita 8 na nusu tu.

Kuna jaribio moja la shuleni ambalo linaharibu zaidi ya linavyojenga, nalo ni la mshumaa unaowaka kwenye sahani ya maji na kufunikwa kwa glasi. Mshumaa huzimika, maji hupanda ndani ya glasi, na wanafunzi huambiwa kwamba mshumaa umekula oksijeni, maji yakavutwa kujaza nafasi yake. Kwa bahati mbaya oksijeni ni karibu asilimia 21 ya hewa, na maji yakipanda moja ya tano ya glasi kila mtu huridhika. Angalia kwa makini. Glasi inaposhushwa, hewa iliyopashwa moto na mwali hutanuka na mara nyingi mapovu hutoka ukingoni. Wakati mshumaa unawaka, saa ambayo oksijeni ndiyo inatumika, maji karibu hayasogei. Hupanda kwa kasi mara tu mwali unapozimika na hewa kupoa. Washa mishumaa mitatu badala ya mmoja na maji yatapanda zaidi, ingawa glasi ni ileile na oksijeni yake ni ileile. Tena mshumaa huzimika kabla ya kumaliza oksijeni yote, na huiachia glasi kabonidioksidi. Sehemu kubwa ya kupanda kwa maji ni kazi ya kupoa: hewa ya ndani imepoa, msukumo wake umepungua, hewa ya nje imesukuma maji ya sahani kuingia. Jaribio si baya. Kilichoharibika ni maelezo, na kiliharibika kwa sababu mwelezaji alitafuta kitu cha kuvuta.

Wapo watakaouliza kama tunataka watu waache kusema kufyonza. La. Tunasema jua linachomoza na linakuchwa, na kila aliyesoma jiografia anajua kwamba dunia ndiyo inayozunguka. Neno la tendo libaki kwenye maongezi. Kinachotakiwa ni mwanafunzi aweze kusema, pale anapoulizwa sababu, ni hewa ipi inayosukuma, iko upande gani, na upande wa pili umepungukiwa na nini. Maswali hayo yakizoeleka, mambo mengi yaliyokuwa vipande hukusanyika. Masikio yanayoziba gari likiteremka Kitonga ni ngoma ya sikio inayosukumwa kutoka nje na hewa nzito zaidi. Kwenye kilele cha Uhuru, mita 5,895, oksijeni bado ni asilimia 21 ya hewa, lakini kanieneo yote imebaki karibu nusu, na kila pumzi inaingiza nusu ya ile ya pwani. Huko maji huchemka kwenye nyuzi 80 na kidogo, na hata Nairobi huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, ndiyo maana maharage ya bara hutaka kuni nyingi kuliko ya Mombasa.

Hali ya hewa ndiyo inayodai uelewa huu kwa uzito wa pekee. Redioni Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania huzungumzia mgandamizo mdogo wa hewa baharini, Kenya husikika shinikizo, shuleni kanieneo, na mtoto hajui kwamba ni kitu kimoja. Mwalimu amwambie siku ya kwanza. Upepo ni hewa inayosukumwa kutoka penye kanieneo kubwa kwenda penye ndogo, ukikunjwa njiani na mzunguko wa dunia. Kuanzia Desemba bara la Asia huwa baridi, hewa yake huwa nzito, na kaskazi hutuvumia. Kufikia Juni Bara Hindi na Arabuni huwa zimechomwa na jua, kanieneo yake huanguka, na kusi hupanda kutoka bahari ya kusini. Majahazi yaliyokuja na kaskazi na kurudi na kusi yalisafiri juu ya tofauti hiyo. Kimbunga Hidaya kilipofika Mafia tarehe 4 Mei 2024, wengi walisikia habari za kitovu cha mgandamizo mdogo na kudhani kitovu hicho hunyonya bahari. Bahari huinuka kweli: kila kanieneo inapopungua kwa hektopaskali 1, maji hupanda kwa karibu sentimita 1, na kimbunga chenye hektopaskali 960 kitovuni, badala ya 1,010 za kawaida, huinua maji nusu mita, mbali na yale mengi zaidi yanayosukumwa na upepo hadi ufukweni. Lakini yaliyoinuka kitovuni yameinuliwa na hewa iliyolalia bahari pembezoni. Ni dafu na mrija vilevile, ila mrija huu una upana wa wilaya.

Linabaki pingamizi la wakuu wa shule, kwamba maabara hazina baromita wala zebaki. Zebaki ni sumu, na isiingie darasani hata ikipatikana. Bomba la sindano jipya lisilo na sindano linatosha kuanzia: ziba mdomo wake kwa kidole, vuta pistoni, iachie, na uwaulize wanafunzi nani ameirudisha. Baadhi ya simu janja zina kipima kanieneo ndani yake na programu ya kukisoma ni ya bure. Shule yenye jengo la ghorofa tatu inaweza kufanya zaidi: mpira mgumu unaopitisha mwanga, wenye urefu wa mita 11 na kuta nene zisizobonyea, hujazwa maji yenye rangi, huzibwa juu, mdomo wa chini ukibaki ndani ya ndoo ya maji, kisha huinuliwa kwa kamba hadi usimame wima. Tanga maji yatashuka kutoka juu na kusimama karibu na mita 10, yakiwa na mapovu, kwa kuwa hewa iliyoyeyuka ndani yake hujitoa. Lushoto, siku ileile, yatasimama chini zaidi kwa mita moja na ushei. Shule hizo mbili ziko mkoa mmoja. Mwalimu wa Tanga akiacha mpira wake ukiangaliwa kutwa, kama ule mrija wa bustanini, na mwenzake wa Lushoto akampigia simu saa sita mchana, watasomeana namba mbili, na wanafunzi wa pande zote mbili wataambiwa waeleze tofauti bila kutumia neno kuvuta.